Sura ya Sita: Vidato vya Mnazi

Saa ya kwanza niliyoichora kwa programu ilikuwa na uso mweupe, tarakimu kumi na mbili na mishale mitatu. Niliipeleka kwa mjomba wangu, fundi saa, nikitegemea sifa. Nikaiweka laptopu mezani pake, katikati ya bisibisi ndogo na visahani vya skrubu, tukawa tunautazama mshale wa sekunde. Ulipofika sekunde ya 15 ulilala sawasawa, safi kama mstari uliopigwa kwa rula. Sekunde ya 16 ukainama kidogo tu, ukaota ngazi.

"Mwanangu," akasema, "huu mshale au mnazi?"

Kwa wasiokulia pwani: mkwezi huchonga vidato kwenye shina la mnazi apate pa kukanyaga. Ni vidato hivyohivyo ambavyo sekondari zetu zimeviazima, mwanafunzi akawa anapanda kutoka kidato cha kwanza hadi cha sita. Tangu siku ile sijatafuta jina jingine la kasoro hii. Wapo wanaoiita meno ya msumeno, lakini meno ya msumeno angalau yanalingana. Vidato vya mstari kwenye skrini kimoja kirefu, kingine kifupi, na huko kutolingana ndiko kunakolichoma jicho.

Tupige hesabu ya mshale ule. Urefu wake ulikuwa pikseli 200, na kila sekunde hugeuka digrii 6. Sekunde ya 16, basi, ncha imekwenda upande kiasi cha pikseli 199 na kushuka pikseli 21. Pikseli hazikubali kuinama. Zimepangwa kama vigae vya sakafu, kila moja mahali pake. Mteremko wote ule unagawanywa kwa vidato 21 hivi, kila kimoja kikiwa na urefu wa pikseli 9 au 10. Sekunde ya 20, mshale ukiwa umeinama digrii 30, vidato vinakuwa vingi zaidi lakini ni vifupi, pikseli moja au mbili, na jicho huvisamehe. Mstari unaoumbua programu ni ule ambao nusura ulale, au nusura usimame wima.

Nani huchagua ni pikseli zipi zipakwe? Kwa miongo mingi kazi hiyo imefanywa na kanuni iliyobuniwa mwaka 1962 na Jack Bresenham, aliyekuwa akifanya kazi IBM, San Jose, Marekani. Yeye hakuwa na skrini akilini. Alikuwa na plota, mashine ya kuchorea kwa kalamu ambayo husogea hatua ndogo ndogo upande, juu au mshazari, na kompyuta ambayo kugawanya kwake namba kulikuwa kwa kusuasua. Kanuni aliyoitunga, iliyochapishwa mwaka 1965, hujumlisha namba kamili tu na kuangalia kama jibu ni hasi au chanya. Hakuna desimali hata moja.

Ichukue karatasi ya miraba, chora mstari kutoka kona ya 0,0 hadi 10,3. Kwa kila hatua ya kwenda kulia, mstari wa kweli hupanda 0.3. Kanuni inakadiria hadi safu iliyo karibu: miraba 2 kwenye safu ya chini kabisa, 3 kwenye inayofuata, kisha 4, kisha 2 juu. Mbili, tatu, nne, mbili. Mstari mmoja mnyoofu umetoka na mapigo manne yasiyofanana, kama ngoma iliyopotewa na mpigaji. Wala Bresenham hana kosa: kalamu ya plota ama imegusa karatasi au haikugusa. Hakuna nusu ya kugusa.

Na skrini za mwanzo nazo hazikuwa na nusu. Macintosh ilipotoka mwaka 1984, skrini yake ilikuwa na pikseli 512 kwa 342, kila moja nyeusi au nyeupe, biti moja kwa pikseli. Hiyo ni baiti 21,888. Ungetaka kila pikseli iwe na ngazi 256 za kijivu, ungehitaji mara nane ya hapo, baiti 175,104, na kompyuta nzima ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 131,072. Yaani picha ya skrini peke yake isingeenea ndani ya mashine, achilia mbali programu ya kuichora. Ukikutana na michoro ya zama zile yenye kingo zilizochongoka, usiwalaumu wachoraji. Ulikuwa umaskini wa kumbukumbu.

Lakini waliokuwa na mashine kubwa walikuwa wameshaligusa tatizo lenyewe. Franklin Crow, aliyesomea Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha mwaka 1977 makala ambayo mpaka leo watu wa fani hii huirejea. Hoja yake ilikuwa kwamba vidato ni mtoto mmoja katika familia kubwa. Nyuzi nyembamba kwenye picha hukatikakatika, vitu vidogo hutokea na kupotea vinaposogea, vitambaa vya mistari myembamba hutoa mawimbi ambayo hayamo kwenye kitambaa. Wote hao baba yao ni mmoja: tumechukua sampuli chache mno za kitu chenye maelezo mengi mno.

Kama unalala ndani ya chandarua, majaribio unayo chumbani. Kunja wavu mara mbili, uinue dhidi ya taa. Mawimbi makubwa meusi yatajitokeza, na ukiusogeza mkono kidogo yatakimbia kuliko mkono wenyewe. Hakuna mfumaji aliyeyafuma. Matundu madogo ya wavu mmoja yanachungulia matundu madogo ya wavu wa pili, na kwa kuwa hayapatani sawasawa, tofauti yao ndogo inajitokeza kama kitu kikubwa. Wahandisi wa mawasiliano waliipa hali hii jina linalotokana na neno la Kilatini ambalo hutumiwa kwa mtu mwenye jina la pili. Mtaani kwetu tungesema a.k.a. Maelezo madogo yasiyoweza kuonyeshwa kwa jina lao halisi hayaondoki. Hurudi yamejivika jina la bandia. Vidato ni ukingo mnyoofu uliorudi kwa a.k.a.

Nilipokuwa sijui haya nilifanya kinachofanywa na kila anayeanza. Nilichora saa yote kwa vidato vyake, kisha nikaipitishia kichujio cha ukungu. Vidato vilififia kweli. Tarakimu nazo zilififia, na uso wa saa ukawa kama unaotazamwa kupitia kioo cha bafu. Mjomba alibana macho, akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa jibu tosha. Nilikuwa nimesawazisha picha baada ya taarifa kupotea. Mahali halisi pa ukingo palitupwa pale kanuni ilipokadiria, na ukungu haurudishi kilichotupwa.

Kinachotakiwa ni kuiuliza kila pikseli swali tofauti kabla ya kuipaka. Badala ya "umo au humo?", uliza "umefunikwa kiasi gani?" Mwaka 1991 Xiaolin Wu alionyesha njia nyepesi ya kufanya hivyo kwa mistari. Rudi kwenye karatasi yako. Kwenye hatua ya kwanza mstari uko kimo cha 0.3: safu ya chini ipewe asilimia 70 ya wino, safu ya juu yake asilimia 30. Hatua ya pili, kimo 0.6: asilimia 40 chini, 60 juu. Ya tatu, 0.9: 10 na 90. Ya nne tumefika 1.2, safu ya chini imeachwa kabisa, na wino unagawanywa 80 kwa 20 kati ya safu mbili zinazofuata. Jumla ni 100 kila mara. Hakuna mahali mstari unaporuka. Unahama polepole kutoka safu moja kwenda nyingine, kama mzigo unaopokezanwa na mikono miwili.

Kwa maumbo yenye eneo, kama herufi au duara, hesabu ni ileile ila kipimo ni eneo la pikseli lililofunikwa. Njia ya kivivu ni kuigawa kila pikseli kuwa vijipikseli 16, vinne kwa vinne, na kuhesabu vingapi vimo ndani ya umbo. Unapata ngazi 17, kutoka sifuri hadi 16. Uvivu huo una gharama. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600; zidisha mara 16, kisha mara 60 kwa sekunde, na umeuliza maswali karibu bilioni 2 kila sekunde. Mengi ya maswali hayo ni ya bure, kwa kuwa pikseli iliyo katikati ya duara jibu lake linajulikana. Programu nzuri za kuchora fonti hufuata ukingo wenyewe, hukokotoa eneo kamili kwenye pikseli zinazokatwa na ukingo tu, na zilizobaki huzijaza bila kuuliza.

Watu husema kijivu hicho ni udanganyifu, kwamba tunalighilibu jicho. Mimi naona kinyume chake. Pikseli nyeusi inasema "ukingo umepita hapa mahali fulani." Pikseli yenye asilimia 30 inasema ukingo umepita wapi ndani yake. Ukiusogeza mstari robo ya pikseli, kwenye picha yenye vidato pikseli nyingi hazibadiliki hata chembe, ilhali kwenye picha yenye kijivu kila pikseli ya ukingoni inabadilisha namba yake.

Faida hiyo niliiona mshale ulipoanza kutembea. Nilikuwa nimeuacha uruke kila sekunde. Mjomba akanionyesha saa ya otomatiki aliyokuwa ameifungua, mshale wake ukiteleza. "Unadhani unateleza?" akaniuliza. "Unaruka mara nane kwa sekunde. Jicho lako ndilo linaloshona." Nikataka wangu uteleze hivyo. Ncha ya mshale wa pikseli 200 huzunguka njia ya pikseli 1,257 kwa dakika, sawa na 21 kwa sekunde. Skrini ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kila mchoro ncha husogea theluthi moja tu ya pikseli. Kwa kanuni ya vidato, ncha ilikaa palepale michoro miwili au mitatu kisha ikadunda, na vidato vikatambaa mwilini mwa mshale kama siafu kwenye fito. Nilipoweka kijivu, siafu wakatoweka. Theluthi ya pikseli, kitu ambacho skrini haina, ilikuwa inaonekana.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama haya yote hayajapitwa na wakati, maana skrini za simu siku hizi zina pikseli ndogo mno. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilileta pikseli 326 kwa inchi, kila moja yenye upana wa milimita 0.078, na iliuzwa kwa hoja kwamba jicho haliwezi kuitenga pikseli moja. Hoja hiyo ina ukweli. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zilizoachana takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii, na ukiishika simu sentimita 30 kutoka usoni hiyo ni milimita 0.087. Lakini jicho lina kipaji kingine. Lipe mistari miwili inayotakiwa kuungana, na litagundua imepishana hata kama pengo ni sekunde tano za pembe, mara kumi na mbili chini ya hapo. Mafundi wamekitumia kipaji hicho tangu Mfaransa Pierre Vernier aeleze kipimo chake mwaka 1631; kalipa aliyonayo mjomba kwenye droo haifanyi kazi kwa namna nyingine, unatafuta mistari iliyolingana nayo inajitambulisha yenyewe. Na kidato ni nini kama si mistari miwili iliyopishana? Kwenye simu ile kinapishana milimita 0.078, na jicho linaweza kuhisi chini ya 0.01. Ndiyo maana hata simu zenye skrini kali kabisa bado huchora kijivu ukingoni.

Sasa uchungu wa kazi yenyewe, maana kijivu kina masharti, na makosa karibu yote niliyoyafanya yalitokana na kusahau kwamba namba ile ni kipimo cha eneo.

Dogo kwanza. Ukichora kwenye kanvasi ya kivinjari mstari mweusi wa wima wenye upana wa 1 mahali pa 10, utapata mstari wa kijivu wenye upana wa 2. Kivinjari hakijakosea. Namba 10 ni mpaka kati ya pikseli mbili, si katikati ya pikseli. Mstari wako umeanzia 9.5 hadi 10.5, umefunika nusu huku na nusu kule. Andika 10.5 na weusi utarudi. Nimewahi kupoteza mchana mzima kwa nusu hiyo.

La pili wabunifu wa nembo wanalijua vizuri. Nembo ya timu imekatwa vizuri juu ya karatasi nyeupe, ukiiweka kwenye jezi ya bluu iliyokoza inazungukwa na ukosi mweupe. Kijivu cha ukingoni kilishachanganywa na weupe wa zamani, na weupe huo umehama nao. Dawa ni kutochanganya mapema: rangi ibaki rangi, na kiasi cha kufunika kiandikwe pembeni kama namba ya nne, baada ya zile tatu za rangi. Namba hiyo inaitwa alfa. Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliianzisha mwaka 1977 huko New York, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaiandikia hesabu zinazotumika mpaka leo.

La tatu halina dawa nzuri. Chora ramani, wilaya mbili zilizopakana, moja kijani na nyingine njano, juu ya nyeupe. Mpaka ukipita katikati ya pikseli, kijani kinafunika nusu yake; nusu ya weupe imebaki. Njano inakuja, nayo inafunika nusu ya kilichopo, weupe ukiwamo. Robo ya weupe inabaki pale ambapo hakuna weupe kabisa, na ramani nzima inapata unyuzi mweupe kwenye kila mpaka. Alfa inajua kiasi kilichofunikwa ila haijui ni upande upi. Wachora ramani huziba kwa kuinenepesha wilaya ya chini kidogo ipite mpaka. Ni kiraka, na mimi nakitumia bila aibu.

Kosa lililonichukua miaka kulielewa ni la mwanga. Pikseli iliyofunikwa nusu, nyeusi juu ya nyeupe, iandikwe namba gani kati ya 0 na 255? Kila mtu husema 128. Jaribu: paka eneo moja kwa pikseli nyeusi na nyeupe zinazopishana kama ubao wa drafti, jirani yake paka kijivu cha 128 kitupu, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Kijivu kitaonekana cheusi zaidi waziwazi. Kinacholingana na drafti kiko karibu na 188. Namba za rangi kwenye skrini zimepangwa kufuata hisia ya jicho, haziendi sambamba na mwanga; 128 hutoa kiasi cha asilimia 22 tu ya mwanga wa 255. Programu nyingi hupuuza jambo hili, na matokeo yake herufi nyeusi juu ya nyeupe hunenepa, herufi nyeupe juu ya nyeusi hukonda. Nilipoirekebisha saa yangu kwa hesabu sahihi, mishale myeusi ikakonda kuliko tulivyoizoea, ikabidi niiongeze unene. Macho yetu yamelelewa na kosa.

Niliirudisha saa kwa mjomba. Safari hii hakusema neno juu ya vidato. Alichukua lenzi yake, ile ya kubana jichoni, akainama hadi pua ikakaribia kioo. Akakaa hivyo muda.

"Hapa pameandikwa nyeupe," akasema, "lakini ndani hamna weupe. Kuna vijiti: chekundu, kijani, buluu."

"Ndivyo pikseli ilivyo, mjomba. Vitatu vikiwaka pamoja unaona nyeupe."

"Na herufi hizi za chini mbona pembeni zina wekundu?"

Alikuwa ameziona herufi za mfumo, si zangu. Mwaka 1998 Microsoft walitangaza ClearType, njia ya kuvitumia vijiti hivyo kama pikseli tatu nyembamba zilizolala bega kwa bega. Ukingo ukipita theluthi ya pikseli, unazima kijiti kimoja na kuviacha viwili. Herufi hupata ukali karibu mara tatu kwa upande, na gharama yake ni rangi kidogo ukingoni ambayo kwa macho matupu wengi hawaioni. Sharti ni kujua vijiti vimepangwaje. Simu ikigeuzwa, vijiti vinalala, na hesabu inavurugika. Apple waliizima njia ya namna hiyo kwenye kompyuta zao kwa chaguo-msingi mwaka 2018, wakarudi kwenye kijivu.

Nilimweleza hivyo, nikaigeuza picha kwenye skrini isimame kiubavu ili aone mwenyewe. Akatazama tena kwa lenzi, safari hii muda mrefu zaidi, akiwa amesahau kabisa saa ya mteja iliyokuwa wazi mbele yake, mshale wake ukiendelea kuruka mara nane kwa sekunde.